Bunduki, Biblia na Bajeti: Kansas Ikitazamwa Kutoka Osawatomie

Osawatomie ni mji wa watu elfu nne na ushei, mashariki mwa jimbo la Kansas, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Kansas City. Mto Marais des Cygnes unapita pembeni, reli inapita ndani yake, na msafiri mwenye haraka huuvuka mji mzima bila kujua kwamba ameuvuka. Lakini hapa ndipo mahubiri na risasi vilipokutana mwaka 1856. Hapa ndipo walipokuja Theodore Roosevelt mwaka 1910 na Barack Obama mwaka 2011 kuzungumzia nani abebe mzigo wa kodi Marekani. Na hapa ndipo, mwaka 2017, ilipobidi kuulizwa kama mtu anaweza kuingia hospitali ya wagonjwa wa akili akiwa na bastola iliyofichwa chini ya koti.

Mhadhara huu unazitazama siasa za Kansas kutokea mji huo. Ukizisikiliza kutoka Washington, hoja za bunduki, dini na uchumi husikika kama ugomvi wa madhehebu: kila upande una msahafu wake, na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Osawatomie inalazimisha swali la kawaida zaidi, yaani nani analipa.

Mwaka 1854 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Kansas-Nebraska, iliyoacha suala la utumwa liamuliwe na walowezi wenyewe kwa kura. Matokeo yakawa mbio za kuhamia. Kutoka Missouri walivuka watetezi wa utumwa, wengine wakipiga kura na kurudi kwao siku hiyohiyo. Kutoka Massachusetts na Connecticut wakaja wapinzani wa utumwa, wakisaidiwa na kampuni zilizoundwa kwa kazi hiyo. Osawatomie ilianzishwa na hao wa pili. Mchungaji wake aliitwa Samuel Adair, na shemeji yake alikuwa John Brown, mfugaji aliyeshindwa katika biashara nyingi na aliyeamini kwamba Mungu amemtuma kuuvunja utumwa kwa damu. Usiku wa Mei 24 kuamkia 25, 1856, Brown na wenzake waliwatoa wanaume watano majumbani mwao kando ya kijito cha Pottawatomie na kuwakatakata kwa mapanga. Agosti 30 mwaka huohuo, wapiganaji wapatao mia mbili na hamsini wa upande wa utumwa walishambulia Osawatomie. Frederick, mtoto wa Brown, aliuawa asubuhi ile, na mji ukachomwa moto.

Bunduki za upande wa Brown zilikuwa na jina la utani: Biblia za Beecher. Mchungaji Henry Ward Beecher wa kanisa la Plymouth kule Brooklyn alikuwa akichangisha fedha za kununulia walowezi bunduki aina ya Sharps, na aliona kwamba mbele ya wenye watumwa silaha hiyo ingeshawishi kuliko Maandiko. Kundi moja kutoka New Haven lilipewa Biblia na bunduki kwa pamoja, likaenda kukaa Wabaunsee, na kanisa walilojenga huko bado lipo. Jina lake rasmi lina maneno yote mawili, Biblia na Bunduki. Na katika jengo la bunge la jimbo mjini Topeka, mchoraji John Steuart Curry alimchora Brown ukutani akiwa mkubwa kuliko binadamu wa kawaida, ndevu zikipeperushwa na kimbunga, Biblia mkono mmoja na bunduki mkono wa pili. Wabunge wa Kansas hupita mbele ya picha hiyo wakienda kupiga kura.

Wahafidhina wa Kansas wanaipenda historia hii, na wana haki ya kuipenda. Hoja yao ni kwamba bila bunduki mikononi mwa raia wa kawaida, Kansas isingeingia katika Muungano Januari 29, 1861 ikiwa jimbo lisilo na utumwa. Serikali ya eneo wakati ule ilikuwa upande wa wenye watumwa, na polisi wa kukimbilia hakuwepo. Mliberali anayeidharau hoja hiyo hajaisoma historia. Kinachosahaulika ni kilichofuata. Vita vilipokwisha, watu walewale walianza kujenga taasisi, na mwaka 1866 hospitali ya jimbo ya wagonjwa wa akili ilifunguliwa Osawatomie. Mji uliojulikana kwa mapigano ukawa mji wa wauguzi. Kwa vizazi kadhaa hospitali hiyo ndiyo iliyokuwa mwajiri wake mkubwa, na mshahara ulitoka kwenye kodi.

Roosevelt alifika Agosti 31, 1910, kuzindua bustani ya kumbukumbu ya John Brown. Alikuwa ameshatoka Ikulu, na umati ulikadiriwa kufika watu 30,000. Brown mwenyewe hakutajwa sana. Roosevelt alitumia siku hiyo kudai kodi ya mapato inayopanda kadiri utajiri unavyopanda, kodi ya urithi kwa mali kubwa, na serikali yenye nguvu ya kuzibana kampuni kubwa. Yeye alikuwa mtu wa Republican, na mtu wa bunduki kuliko wengi wanaojisifu nazo leo: alikuwa amerudi kutoka safari ya uwindaji Afrika Mashariki iliyoanzia Mombasa mwaka 1909, akiwa na maelfu ya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian.

Miaka mia moja na mmoja baadaye, Desemba 6, 2011, Obama alisimama katika ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari ya Osawatomie. Alikuwa na sababu ya ziada ya kwenda. Mama yake, Stanley Ann Dunham, alizaliwa Wichita mwaka 1942. Kwa hiyo yule rais ambaye Kenya inamhesabu kuwa wake, Kansas nayo ina sehemu yake. Alizungumzia pengo linalokua kati ya matajiri na tabaka la kati, na akaipinga waziwazi nadharia kwamba kodi ya matajiri ikipunguzwa neema itashuka hadi chini. Miezi mitano na nusu baadaye gavana wa Kansas alitia saini sheria iliyosimama juu ya nadharia hiyohiyo.

Gavana huyo, Sam Brownback, alikulia Parker, kijiji cha wakulima katika kaunti inayopakana na ile ya Osawatomie kwa upande wa kusini. Anayemchora kama mtu asiye na huruma hamjui. Akiwa seneta Washington, Mkatoliki aliyeongoka utu uzimani, alikuwa miongoni mwa sauti kubwa kuhusu Darfur. Alishirikiana na Russ Feingold, mliberali wa Wisconsin, kupitisha sheria ya mwaka 2010 ya kupambana na kundi la Joseph Kony lililoitesa Uganda ya kaskazini, na alikuwa mmoja wa waasisi wa muswada uliozaa masharti ya kufuatilia madini ya Kongo yanayogharimia vita. Mchimbaji wa koltani kule Kivu ameguswa na sheria yenye alama za vidole vya mtu huyu, hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Imani ya Brownback ilivuka bahari. Swali la kumuuliza ni kwa nini, ilipofika zamu ya wagonjwa wa kaunti ya jirani, ilisimama mlangoni pa wizara ya fedha.

Mei 2012 alishusha kiwango cha juu cha kodi ya mapato kutoka asilimia 6.45 hadi 4.9. Halafu akaenda mbali zaidi: faida ya biashara zisizo kampuni kubwa, zile ambazo mapato yake huhesabiwa kuwa ya mwenyewe, ilifutiwa kodi ya mapato ya jimbo kabisa. Fundi bomba aliyesajili biashara yake hakulipa. Msaidizi wake wa mshahara alilipa. Mshauri alikuwa mchumi Arthur Laffer, mtu wa enzi za Reagan, aliyelipwa dola 75,000 kwa ushauri huo. Brownback mwenyewe aliuita mpango huo jaribio halisi na kuahidi kwamba ungekuwa sindano ya adrenalini moyoni mwa uchumi wa Kansas. Katika kura za mchujo za Agosti mwaka huo, kundi la maseneta wa chama chake waliokuwa wagumu kwake liling'olewa kwa fedha za chama cha wafanyabiashara na za makundi yanayohusiana na mabilionea ndugu wa Koch, ambao makao ya kampuni yao yako Wichita.

Watu hawakukawia kujifunza. Serikali ilikuwa imekadiria kwamba biashara kama 190,000 zingenufaika na msamaha. Zikawa zaidi ya 330,000. Wengi hawakuwa wameanzisha kazi yoyote mpya, walibadilisha tu karatasi. Kocha wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Kansas, mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote jimboni, alikuwa akipokea sehemu kubwa ya malipo yake kupitia kampuni yake binafsi, na kwa sheria mpya sehemu hiyo ingeweza kukwepa kodi ya jimbo bila kosa lolote. Katika mwaka mmoja wa fedha mapato ya jimbo yalianguka kwa takriban dola milioni 700, katika mfuko mkuu wa kama bilioni 6. Mwaka 2014 mashirika ya kupima uwezo wa kukopa, Moody's na Standard & Poor's zilishusha daraja la Kansas kwa wakopeshaji. Fedha za barabara zikachotwa kuziba mashimo. Mwaka 2015 kodi ya mauzo ikapandishwa kutoka asilimia 6.15 hadi 6.5, na Kansas ilikuwa ikitoza kodi hiyo hata kwenye mkate na maziwa. Wilaya za shule za Concordia na Twin Valley zilifunga mwaka wa masomo mapema kwa kukosa fedha.

Na ukuaji? Ajira ziliongezeka polepole kuliko wastani wa Marekani, na polepole kuliko majirani Nebraska na Colorado. Haki inataka isemwe kwamba bei za mafuta na mazao zilishuka miaka hiyo, na kwamba Boeing ilitangaza kuondoka Wichita Januari 2012, kabla sheria haijapita. Brownback alizitaja sababu hizo, na hazikuwa za uongo. Lakini Nebraska nayo inalima mahindi na kufuga ng'ombe. Wahenga walisema rahisi ghali; Kansas ilinunua ukuaji wa bei rahisi na ikaishia kulipia mara mbili.

Sasa turudi hospitalini. Wakaguzi wa serikali kuu walipofika Osawatomie mwaka 2014 na 2015 walikuta wodi zilizojaa kupita kiasi, wauguzi wanaofanya zamu mbili mfululizo, na nafasi za kazi zisizojazwa kwa sababu mshahara haukumvuta mtu. Vitanda vikapunguzwa kutoka 206 hadi 146 ili majengo yarekebishwe. Hospitali ikaacha kupokea wagonjwa wanaokuja kwa hiari. Waliozidiwa nguvu na ugonjwa walisubiri katika vyumba vya dharura vya hospitali za kawaida, na wengine mahabusu. Oktoba 2015 mfanyakazi mmoja wa kike alishambuliwa na mgonjwa. Desemba hospitali ikapoteza ithibati ya serikali kuu, na pamoja nayo malipo ya bima ya umma yaliyokuwa yakiingia kila mwezi. Ithibati hiyo ilichukua miaka miwili kurejea, na hata hapo ilikuwa kwa sehemu tu ya vitanda.

Ndani ya hali hiyo ndipo sheria ya bunduki ilipoingia.

Kansas haikufika hapo kwa siku moja. Mwaka 2006 bunge la jimbo lilipindua kura ya turufu ya gavana Kathleen Sebelius na kuruhusu raia kubeba bastola iliyofichwa, lakini kwa leseni na mafunzo. Mwaka 2010 wapiga kura waliingiza haki ya mtu binafsi ya kumiliki silaha katika katiba ya jimbo kwa karibu asilimia 88, idadi inayoonyesha kwamba hata Wademokrasia wengi waliunga mkono. Aprili 2015 Brownback alitia saini sheria ya kufuta sharti la leseni na mafunzo: kuanzia Julai mwaka huo, mwenye umri wa miaka 21 asiyekatazwa na sheria angeweza kuficha bastola na kwenda nayo sokoni. Mkulima wa magharibi mwa jimbo, ambaye gari la sherifu linaweza kuchukua nusu saa kumfikia, hakuona ajabu yoyote, na mtu wa mjini asimcheke.

Sheria iliyogusa Osawatomie ni ya mwaka 2013, na ufundi wake unastahili kutazamwa polepole. Ilisema kwamba jengo la serikali ya jimbo au ya mtaa haliwezi kukataza silaha iliyofichwa kwa kubandika kibao tu. Likitaka kukataza, liweke ulinzi wa kutosha katika kila mlango wa umma: mashine ya kugundua chuma, na mlinzi mwenye silaha wa kuisimamia. Vyuo vikuu, hospitali za umma na vituo vya afya ya akili vilipewa muda wa kujitoa hadi Julai 1, 2017. Baada ya siku hiyo, kila taasisi ichague moja: ilipe walinzi au ifungue mlango.

Kwenye karatasi hiyo ni sheria ya haki za raia. Kwa mhasibu ni sheria ya bajeti. Utulivu wa wodi, ambao hapo awali ulilindwa kwa kibao cha dola chache, ulitozwa mamilioni, na uliletewa bili hiyo na bunge lilelile lililokuwa limeifuta kodi ambayo ingeilipa. Mhadhara huu hauna ushahidi kwamba watunga sheria walikaa chini wakapanga hivyo, wala hauuhitaji. Sheria mbili zilizotoka katika bunge hilohilo, moja mwaka mmoja baada ya nyingine, zilikutana mlangoni pa hospitali na kuziba njia kutoka pande zote mbili.

Upuuzi wake ulionekana zaidi Osawatomie kuliko kwingine. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1968 inamkataza kumiliki bunduki mtu aliyelazwa kwa amri ya mahakama katika hospitali ya akili. Kwa hiyo mgonjwa asingeweza kugusa bastola popote nchini, ila binamu yake angeweza kuja kumwona nayo kiunoni na kukaa naye chumba kimoja. Wauguzi walijua kitu ambacho wasemaji wa kampeni hawakigusi: bunduki Marekani huua zaidi wanaojiua kuliko wanaouawa. Mwaka 2021, kati ya watu 48,830 waliokufa kwa risasi nchini humo, 26,328 walijiua. Majimbo ya mashamba na nyanda, yenye bunduki nyingi na madaktari wachache, hubeba sehemu kubwa ya msiba huo, na kwa kuwa marehemu wa namna hii huzikwa kimya na familia zao, televisheni haifiki.

Serikali ya Brownback ilitafuta zaidi ya dola milioni 20 kwa miaka miwili kuweka mashine na walinzi katika hospitali za jimbo. Wabunge wa chama chake waliitazama hesabu hiyo, wakalinganisha na nakisi iliyokuwa mbele yao, na mwezi Juni 2017 wakapitisha msamaha wa kudumu kwa hospitali hizo, kwa vituo vya afya ya akili na kwa hospitali ya Chuo Kikuu cha Kansas. Gavana aliuacha muswada uwe sheria bila kuutia saini. Bila shaka wapo walioguswa na hoja za wauguzi. Kilichowageuza walio wengi ni bei.

Vyuo vikuu havikupata bahati hiyo. Kununua mashine kwa kila mlango wa kila jengo kulikuwa ndoto, kwa hiyo Julai 1, 2017 bastola ziliruhusiwa madarasani. Chuo Kikuu cha Kansas kiliweka ukaguzi kwenye uwanja wa mpira na ukumbi wa kikapu siku za mechi, ambako tiketi hulipia. Maktaba haikatishi tiketi. Mwalimu mmoja wa historia alijiuzulu hadharani, na Kevin Willmott, profesa wa filamu ambaye baadaye alishiriki tuzo ya Oscar kwa uandishi wa BlacKkKlansman, aliingia darasani muhula huo akiwa amevaa fulana ya kuzuia risasi juu ya nguo zake. Alisema ni ukumbusho wa bastola zisizoonekana.

Dini ina nafasi gani katika haya yote? Jibu la haraka la waliberali wengi wa pwani ni kwamba dini ndiyo mzizi. Na wana mifano. Mara mbili, mwaka 1999 na 2005, halmashauri ya elimu ya Kansas ilipiga kura sita kwa nne kuidhoofisha nadharia ya mageuzi ya viumbe katika mitaala, na mara zote mbili wapiga kura waliibadilisha halmashauri hiyo hadi uamuzi ukafutwa. Kiangazi cha 1991 waandamanaji wa kupinga utoaji mimba waliizingira zahanati ya Daktari George Tiller mjini Wichita kwa wiki sita, na zaidi ya watu 2,600 wakakamatwa. Mwaka 1993 Tiller alipigwa risasi mikono yote miwili, akarudi kazini. Mei 31, 2009, siku ya Pentekoste, aliuawa kwa risasi moja kanisani kwake, Kanisa la Kilutheri la Reformation, alipokuwa akihudumu kama mpokeaji wa waumini. Aliyemuua alisema alikuwa akiokoa watoto.

Inafaa kuitazama picha hiyo nzima. Muuaji alikuwa na dini, na aliyeuawa alikuwa na dini, tena alikuwa kazini kanisani. Hali ni hiyohiyo Overland Park, Aprili 2014, ambako mbaguzi aliyewachukia Wayahudi alishambulia kituo cha jumuiya ya Kiyahudi na makazi ya wazee. Watatu walikufa, na wote watatu walikuwa Wakristo. Mtu huyo alikuwa na rekodi ya jela iliyomkataza kumiliki silaha. Moja ya bunduki zake ilinunuliwa na mtu mwingine aliyedanganya kwenye fomu.

Garden City, magharibi ya mbali, kisa kinawagusa wasomaji wa Kiswahili kwa karibu zaidi. Tangu machinjio makubwa yafunguliwe Holcomb mwaka 1980, uchumi wa sehemu hiyo umekua kwa mikono ya wageni: Wavietnam, Wameksiko, Waburma, na katika miaka ya 2000 Wasomali, ambao wengi wa wenzao waliopokelewa Marekani walipitia kambi za Dadaab na Kakuma nchini Kenya. Katika jengo moja la nyumba za kupanga Wasomali waligeuza chumba kimoja kuwa msikiti. Mwaka 2016 wanaume watatu waliojiita Wapiganaji wa Msalaba walipanga kuegesha magari yaliyojaa vilipuzi pembe nne za jengo hilo na kulilipua siku moja baada ya uchaguzi wa rais. FBI iliwakamata Oktoba, kwa taarifa za mtu wa ndani ya mgambo wao aliyekataa kuwa sehemu ya mauaji. Mwaka 2018 walipatikana na hatia, na Januari 2019 wakafungwa miaka 30, 26 na 25. Wanasiasa walikuwa wakiutafuta ukuaji wa uchumi katika misamaha ya kodi. Kule Garden City ukuaji huo ulikuwa unatembea kwenda zamu ya usiku ukiwa umevaa hijabu, na kuna waliotaka kuulipua.

Waliouvunja mpango wa kodi wa Brownback walikuwa majirani zake kisiasa. Katika mchujo wa 2016, wazazi wa shule, walimu wastaafu na Warepublican wa siasa za wastani waliwaangusha wabunge kadhaa wa mrengo wake. Machi 2017 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua katika kesi ya Gannon kwamba fedha za shule hazitoshi kwa mujibu wa katiba. Juni 6 mwaka huo, bunge lenye wingi wa Republican lilipindua kura ya turufu ya gavana, 88 kwa 31 na 27 kwa 13, likarudisha kodi yenye thamani ya dola bilioni 1.2 kwa miaka miwili na kufuta msamaha wa biashara. Waliopiga kura hiyo walikuwa watu wa kanisa Jumapili na wa bajeti Jumanne. Brownback aliondoka Januari 2018 kuwa balozi wa Marekani wa uhuru wa dini, kazi iliyomfaa.

Mwaka uleule Mdemokrasia Laura Kelly alichaguliwa gavana, na mwaka 2022 akachaguliwa tena. Agosti 2 mwaka huo wapiga kura walikataa kwa asilimia 59 marekebisho ya katiba ambayo yangeondoa ulinzi wa haki ya kutoa mimba, licha ya mamilioni yaliyotumiwa na kanisa Katoliki kuyaunga mkono. Hesabu haikubaliani na wazo kwamba wacha Mungu wote walipiga kura upande mmoja. Katika jimbo kama Kansas, asilimia 59 haipatikani bila watu wa kanisa.

Sheria za bunduki, kwa upande mwingine, hazikutikiswa. Mwaka 2021 bunge lilipindua kura ya turufu ya Kelly na kuwaruhusu vijana wa miaka 18 hadi 20 kubeba silaha iliyofichwa kwa leseni. Kwa nini kodi ilirudi na bunduki zikabaki? Shule ikifungwa mapema, kila mzazi wa wilaya anajua siku hiyohiyo, na anajua jina la mbunge wa kumpigia simu. Gharama ya bunduki inagawanywa vibaya: familia chache zinailipa yote, na zilizobaki hazioni risiti. Waliberali wa Kansas wamekuwa wakijibu kwa kuhubiri kuhusu utamaduni wa bunduki, kwa watu ambao babu zao walipewa bunduki na mchungaji. Hoja iliyowahi kuleta ushindi, ule wa hospitali mwaka 2017, ilikuwa ya walinzi na mashine na mishahara yao.

Kodi ya jimbo ya chakula ilishuka hatua kwa hatua na kufikia sifuri Januari 2025. Mwaka huohuo bunge liliipindua kura nyingine ya turufu ya Kelly na kuweka utaratibu wa kushusha kodi ya mapato yenyewe kila mapato yanapovuka kiwango fulani, ikilenga asilimia 4. Kelly haruhusiwi kugombea muhula wa tatu mfululizo. Wabunge wameweka pia kwenye kura ya Agosti 2026 pendekezo kwamba majaji wa Mahakama ya Juu, ile iliyodai fedha za shule katika kesi ya Gannon, wachaguliwe na wananchi kwa kampeni badala ya kuteuliwa na gavana kutoka orodha ya kamati ya uteuzi. Kampeni za majaji huhitaji fedha, na wenye fedha za kutoa Kansas wanajulikana anwani zao.